Keosi ya kutandaza mawimbi: chipu za mwanzo zinalingana, kisha mpokezi anapotea

Vizimba_Igombe:
Wakuu, naombeni msaada. Kuna kifaa kwenye vizimba vya sato, kilomita 2 hivi kutoka ufukwe wa Igombe, Ziwa Victoria. Kinatuma joto la maji na oksijeni kila dakika 10, kwa 433 MHz. Ziwani kuna STM32F4 (kompyuta ndogo ya chipu moja), nchi kavu kuna RTL-SDR (kipokezi cha redio cha kuchomeka USB) na laptop yenye Python. Kila biti inatandazwa kwa chipu 127 (alama fupi za +1 au −1) zinazotokana na kanuni ya keosi (hesabu yenye namba zinazoonekana kama za kubahatisha), x mpya = 4x(1 − x). Chipu ni +1 x ikizidi 0.5, vinginevyo −1. Pande zote zinaanza na mbegu moja ya siri, yaani x ya kwanza. Kasi ni biti 1,000 kwa sekunde.

Nataka mawimbi yazame kwenye kelele, na mtu akiyapata asiweze kuyasoma wala kuingiza vipimo vya uongo. Mezani, kwa waya, chipu ishirini na kitu za kwanza zinafanana kabisa, zinazofuata hazina uhusiano wowote. Ziwani hakisomeki kitu. Niongeze nguvu?

Mawimbi_Nyakato:
Usiongeze nguvu mkuu, hesabu ndiyo inayokuangusha. STM32F4 inapiga desimali kwa usahihi wa biti 24, Python kwa biti 53. Kanuni hiyo inakuza tofauti mara mbili kwa wastani kila hatua. Tofauti ya sehemu moja kwa milioni 16 inameza namba nzima ndani ya hatua 24, na hapo ndipo unapoona zinaachana. Hata ukilazimisha usahihi uleule pande zote, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) moja ikiunganisha kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja na nyingine isifanye hivyo, mmeachana tena.

Tumia namba kamili. X iwe ya biti 32, uizidishe na (2^32 − X) ndani ya biti 64, kisha sogeza kulia nafasi 30. Kwenye Python kata jibu kwa 0xFFFFFFFF kila hatua, maana namba zake hazifuriki zenyewe. Na weka kinga: X ikiwa 2147483648, jibu linakatwa na kubaki 0, na ikishafika 0 haitoki tena.

Hapo mtalingana, lakini utakutana na jambo la pili. Keosi ya kwenye karatasi haijirudii, ya kwenye biti 32 inajirudia. Tegemea mzunguko wa makumi ya maelfu ya hatua tu, si bilioni 4. Hatua 65,000 kwa chipu 127 ni biti 500 na ushei, yaani pakiti nne za baiti 16.

Kirumba_RF:
Nashika upande wa siri, maana huko ndiko kuna shimo kubwa zaidi. Kila chipu inavujisha mbegu. Ya kwanza inasema x iko nusu ipi, ya pili inakata kipande hicho viwili, ya tatu vivyo hivyo. Baada ya chipu 32 hivi, mbegu zinazobaki zinahesabika na laptop inazijaribu zote papo hapo.

Usitegemee kelele ikufiche. Chipu 127 zinampa mpokezi wako faida ya dB 21 (desibeli, yaani nguvu mara 127 hivi). Mtu aliye kwenye mtumbwi mita 20 kutoka kizimba anapata mawimbi yenye nguvu zaidi ya dB 40 kuliko wewe uliye kilomita 2. Kwake hakuna kilichozama.

Udhaifu huu ni wa zamani. Pecora na Carroll walionyesha mwaka 1990 kwamba mifumo miwili ya keosi inaweza kwenda sambamba. Mwaka 1993 Cuomo na Oppenheim wakaficha sauti ndani ya mawimbi ya saketi ya Lorenz (saketi ya umeme inayotoa keosi), na mwaka 1994 tu Short akaonyesha namna ya kuuchomoa ujumbe uliofichwa hivyo.

Ningeitoa keosi kwenye kazi ya kufuli. Tengeneza chipu kwa AES-128 ya kuhesabu (kanuni ya usimbaji inayosimba namba zinazofuatana kwa ufunguo wa siri, kila moja ikitoa bloku ya biti 128), na uzifanye 128: bloku moja, biti moja. Namba ya pakiti itume wazi, mara baada ya mfuatano wa utangulizi (chipu zinazojulikana zinazofungua kila pakiti), ili mpokezi ajue aanzie wapi. Kwa vipimo vya uongo ongeza baiti 4 za AES-CMAC (muhuri wa kuthibitisha mtumaji), kwa ufunguo mwingine, na mpokezi akatae pakiti yoyote ambayo namba yake haijazidi ya mwisho aliyoikubali. Hifadhi kaunta (namba hiyo ya pakiti) kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na kila kifaa kikiwaka iruke mbele 1,000. Betri ikifa na kaunta ikarudi sifuri, unarusha chipu zilezile kwa data tofauti, na siri imekwisha.

Vizimba_Igombe:
Asanteni sana wakuu. Na DCSK, njia nyingine ya kutuma biti kwa keosi, je? Nimeambiwa inavumilia mawimbi yanayodunda majini. Antena ya kizimbani iko mita 2 juu ya maji, ya ufukweni mita 6.

Mawimbi_Nyakato:
DCSK, ya Kolumbán na wenzake, 1996, inatuma kipande cha keosi kisha inakirudia, kama kilivyo au kimegeuzwa, kulingana na biti. Mpokezi hahitaji mbegu. Ndiyo raha yake, na ndiyo maana haina siri: yeyote akichelewesha na kuzidisha anasoma. Nusu ya nishati inaishia kwenye kipande cha rejea.

Kwako haiokoi kitu. Kwa urefu huo, njia inayodunda majini inaizidi ile ya moja kwa moja kwa milimita 12 tu. Hakuna mtandazo wa kHz 250 utakaozitenganisha, zinafika pamoja na kukatana. Badala ya upotevu wa dB 91 wa anga tupu unapata kama 110. Pandisha antena ya ufukweni hadi mita 12, unarudishiwa dB 6 bila kugusa nguvu.

Kisha angalia kristali, ile inayoweka masafa ya kifaa. Kosa la sehemu 20 kwa milioni kwenye 433 MHz ni kHz 8.7. Biti yako ni milisekunde 1, kwa hiyo fazi inazunguka karibu mara tisa ndani ya biti moja na jumla inajifuta. Tafuta masafa kwenye utangulizi kwa hatua za Hz 250, kutoka −10 hadi +10 kHz, majaribio 81. Mezani kwa waya hilo lipo vilevile, ila lilikuwa limefichwa na kosa la kwanza.

Kirumba_RF:
Na kabla hujakifunga kizimbani moja kwa moja, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa na nguvu unayorusha.