Naomba ushauri: trela ya kulala ya foamu, kuvutwa na Probox

Hamjambo wenzangu. Naishi Umoja, Nairobi, na nimeanza kujenga trela ndogo ya kulala mimi, mke wangu na mtoto tukienda mbuga ya Hell's Gate. Fremu ya chuma nimeshachomelewa Kariobangi. Kuta nataka ziwe za foamu ngumu ya polistirini, inchi 2, juu yake turubai la pamba lililogandishwa kwa gundi ya mbao, kisha rangi ya nje. Nimechagua foamu kwa sababu gari langu ni Probox ya injini ya cc 1500, mzigo mzito haliwezi.

Fundi mmoja alinishauri nipake rezini ya poliesta, ile ya mashua. Nilijaribu kwenye kipande kidogo, ikaila foamu mpaka likabaki shimo. Nashukuru sikuanza na ukuta mzima! Epoksi, rezini ya aina nyingine, haili foamu, lakini bei yake imenishtua. Je, kuna aliyetumia turubai na gundi ikastahimili mvua za Aprili? Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Halafu uzito. Najua asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inafaa ikalie kifungio cha mbele kinachoiunganisha na gari, isije ikayumba barabarani. Mnaipimaje nyumbani? Na pale mteremko wa Mai Mahiu, upepo ukivuma na malori yako nyuma, kitu chepesi chenye kuta pana kitatulia kweli? Au niiwekee breki zake?

Aliyewahi kusajili trela ya kujitengenezea kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pia anieleze alianzia wapi, tafadhali.