Mbona gemu inayonishika mimi haimshiki mdogo wangu?

dada_wa_kondele: Habarini wadau. Niko Kondele, Kisumu, naishi na mdogo wangu wa fomu tatu. Ukimtuma unga anarudi baada ya masaa mawili, unga amenunua lakini amepitia kwa kibanda cha PlayStation. Nimemgombeza wiki nzima, halafu juzi nikajipata saa saba usiku niko kwa Candy Crush, ile gemu ya simu ya kupanga peremende, chaji imebaki asilimia nne na maharagwe yameungua jikoni sijanusa. Sasa yeye Candy Crush anaona ni upuzi, na mimi hiyo gemu yake ya mpira sitoboi dakika tano. Kama ni uraibu si ungetushika sawa?

fundi_nakuru: Dada pole. Candy Crush, tangu itoke 2012, ujanja wake si peremende ni laifu, yaani nafasi za kucheza. Unapewa tano, zikiisha ungoje nusu saa ndio upate moja ama ulipe, so unafungiwa mlango ukiwa na hamu bado, unasonga ugali akili iko kule. Na saa zingine unaishiwa na muvu, zile hatua unazohesabiwa, ukibakisha jeli moja tu ya kuondoa, hapo hujioni umeshindwa, unaona ilikuwa karibu.

msee_wa_kakamega: Mi nilikuwa na kibanda Lurambi, mechi 20 bob, anayefungwa analipa na anatoka, mshindi anabaki na padi. Nimeona kijana amefungwa dakika ya 89, benchi yote imepiga kelele, hajasimama vizuri na tayari anatafuta shilingi kwa soksi arudi kwa laini. Huyo hashikwi na gemu, anashikwa na yule jamaa aliyemfunga mbele ya watu. Mwekee PlayStation kwa nyumba acheze peke yake, naamini hamalizi mwezi.

baba_wawili: Hapo kwa benchi ni kweli kabisa. Lakini mi inayonitisha ni zile paketi za wachezaji kwa gemu ya mpira, unalipa kabla ujue ndani kuna nani. Mwaka jana nilikopa kwa simu nikafungua paketi usiku mmoja mpaka pesa ya fee ya mtoto ikaguswa, na bado inaniuma. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha na njiwa kwamba chakula kikitoka bila mpangilio, mara kinatoka mara hakitoki, ndege anadonoa bila kuchoka. Ubelgiji walisema 2018 hiyo ni kamari, na 2019 EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza hiyo gemu ya FIFA, wakaacha kuuza huko pointi za kununulia paketi. Dada, angalia kama huyo kijana anacheza tu ama ananunua.

fundi_nakuru: Na hiyo neno uraibu tusiibandike haraka. WHO, shirika la afya duniani, wameweka uraibu wa gemu kwa orodha ya magonjwa, imeanza kutumika 2022, lakini wanaangalia mtu ambaye hawezi kujizuia na anaendelea hata maisha yakiharibika, na kwa kawaida iwe imechukua mwaka hivi. Maharagwe kuungua mara moja bado.

dada_wa_kondele: Asanteni sana. Nimeulizia, hanunui paketi, ni kuna kijana wa Manyatta amemfunga mara sita mfululizo na hakuwa ameniambia. Kesho nitamsindikiza kununua unga nikae hapo benchi nimwone huyo kijana.