Eti "maiki haina tatizo, sauti yako ndiyo hiyo"! Nimetukanwa Kariakoo mchana kweupe

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe. Boksi nimelipakata. Konda ameshaniuliza mara mbili kama ni keki.

Sitamtaja mtu. Mnamjua. Yule wa duka jembamba, waya zimening'inia hadi mlangoni, unaingia umeinama kama unaokota mayai bandani, halafu anakunywa chai kijiko kikiwa humohumo kikombeni. Msijifanye hamumjui. Nusu yenu simu zenu zinachajiwa na chaja zake.

Mimi nasoma simulizi. Naandika mwenyewe, nasoma mwenyewe, natupia YouTube. Muda wote huu nilikuwa narekodi kwa simu, nimejifunika blanketi gubigubi, Dar hii, natoka humo nimelowa kama nimetoka kuvua. Mke wangu akasema, baba watoto, nunua hiyo maiki kabla hatujakuzika. Nikajipigapiga, ikapatikana 85,000.

Nikaingia pale. "Karibu bosi wangu!" Nikapewa kiti. Nikamweleza vizuri kabisa: nataka maiki ya kurekodia nyumbani, hela yangu ndiyo hii, nakaa chumba na sebule, dirisha linatazama uani na uani kuna jogoo wa mama mwenye nyumba. Jogoo nilimtaja, wakuu. Hilo mliweke akilini. Akashusha boksi: maiki ya kondensa, mkono wa kubana mezani, sponji, kile kitambaa cha kuzuia mate, na waya mmoja, huku una mdomo mnene wa matundu matatu, huku una pini nyembamba kama ya iafoni. "Hii ndiyo wanayotumia redioni, bosi wangu. Unachomeka, unaongea."

Nikachomeka. Nikaongea.

Sauti yangu ikatoka mbali huko, kama mtu aliyetumbukia kisimani na amekubali yaishe. Feni inasikika. Bodaboda zinasikika. Kuna mtu nyumba ya tatu alikuwa anakwangua ukoko, anasikika hadi unajua sufuria ni ya ukubwa gani. Na jogoo sasa! Jogoo anasikika kama yeye ndiye msimuliaji na mimi nimekuja kumletea maji ya kunywa. Nikaisogelea maiki hadi midomo ikagusa nyavu za juu kileleni, wapi. Laptopu nikaisogeza dirishani labda ni joto, wapi. Nikarudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja jogoo alikuwa ameboreka zaidi.

Leo nikaibeba nikairudisha.

Jamani. Niliyeondoka bosi nimerudi "wewe kaka". Wewe kaka, una risiti? Ninayo. Wewe kaka, mbona boksi umelichana? Nilitakiwa nilifungue kwa maombi? Akasema lete hiyo rekodi tuisikie. Nikampa flashi. Akaichomeka kwenye spika la sherehe, lile refu kama mtoto wa darasa la pili, lenye taa za kuzunguka. Duka zima, na nje kwa wauza soksi, wakasikia: "Karibuni wapenzi wasikilizaji, usiku ule ulikuwa wa kiza kinene..." halafu KOKORIKOOO, na taa zinazunguka.

Binti mmoja aliyekuja kununua chaja akaanza kutikisika mabega.

Yule bwana akanywa chai. Akameza. Akanitazama. Akasema, tena kwa upole, kama daktari:

"Maiki haina tatizo. Sauti yako ndiyo hiyo."

Kijiko hakukitoa, wakuu. Mtu anakuvunjia heshima ya miaka thelathini na minne na kijiko bado kinamgusa shavu. Angekitoa basi. Angekiweka kwenye kisosi tujue hapa sasa anazungumza na mtu mzima. Hakukitoa!

Sauti hii ndiyo iliyomuoa mke wangu. Sauti hii imesoma risala mbele ya mkuu wa wilaya. Misiba yote ya ukoo nashika maiki mimi, watu wanalia kabla sijafika kwenye jina la marehemu. Leo mtu wa chaja ananiambia ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo! "Hiyo", kama anaonyesha kitu barabarani.

Binti wa chaja alicheka hadi akaegemea spika. Chaja yenyewe hakununua. Nawasilisha.

mzee_wa_bati
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

Shangazi_Tanga
Uwiii, "jogoo alikuwa ameboreka"! Mwanangu pole, lakini nimecheka hadi mjukuu amekuja kuniangalia. Huyo mtu namjua. Mimi aliniuzia rimoti, nikamrudishia haifanyi kazi, akaniambia mama, televisheni yako haitaki kutumwa.

kijana_wa_Mbagala
Mleta mada, kwani alikosea wapi? Tuwekee hiyo rekodi hapa tupige kura.

fundi_redio
Mkuu, kabla hujaenda mbali, nijibu maswali mawili. Moja: hiyo pini nyembamba ya waya ina pete nyeusi ngapi, mbili au tatu? Pili: laptopu yako ina matundu mawili ya sauti, au ni lile moja la kuchomeka iafoni?

Mleta mada
Pete mbili. Tundu moja. Ila fundi, suala hapa siyo pete, suala ni lugha aliyoitumia. Kijiko kilikuwa ndani ya kikombe.

fundi_redio
Nilijua. Mkuu, kaa chini.

Tundu moja la laptopu linataka pini ya pete tatu, ile ya iafoni yenye maiki. Ukiliwekea ya pete mbili linadhani umechomeka hedifoni, basi linaendelea kusikiliza kwa kimaiki chake cha ndani, kile kitundu cha karibu na kamera. Yaani hiyo maiki ya 85,000 haijawahi kurekodi hata kikohozi chako. Ulichorekodia ni laptopu. Na laptopu umesema uliiweka wapi?

kijana_wa_Mbagala
DIRISHANI. Hahahahahaha. Alimpelekea jogoo maiki.

mzee_wa_bati
Karanga zimenipalia.

Mleta mada
Siyo kweli. Taa ya Audacity, ile programu ninayorekodia, ilikuwa inacheza nikiongea.

fundi_redio
Inacheza kwa sababu laptopu inakusikia ukiwa chumba hichohicho. Fanya hivi: anza kurekodi, ikwangue maiki kwa kucha, halafu kwangua hapo karibu na kamera. Uje utuambie kipi kimelia.

Na hata ingekuwa imeunganishwa, maiki hizo husikiliza kwa ubavu, siyo kileleni. Siyo koni ya aiskrimu uilambe. Unaisimamisha wima, upande wa mbele unautazama mdomo wako, umbali wa shibiri moja, ule mgongo wake unaupa dirisha. Na kondensa ya kweli inataka umeme wa fantomu, volti 48, unaotoka kwenye intafesi, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, au kwenye kiboksi chake, kwa waya wenye midomo minene pande zote mbili. Huo waya aliokupa wa pini nyembamba ni wa kubahatisha tu.

Dada_wa_Forodhani
Kaka, mie nasomea vitabu vya watoto nyumbani hapa Unguja, adhana pande nne na mapaka juu ya paa. Sikununua kondensa. Kondensa ina masikio ya jirani mbea, kila kitu inachukua. Nyumba ya makelele chukua maiki dainamiki, unaisogeza karibu na mdomo, ya mbali hayaingii sana. Ukiwa huna hela kabisa kuna ile ya kubana kwenye kola, mie naitumia Boya BY-M1, waya wake mita 6, pini yake ya pete tatu inaingia kwenye simu moja kwa moja. Ina kiswichi cha simu na kamera, usikikosee, kuna siku nilirekodi saa nzima nikapata kimya kitupu.

Halafu fungua kabati la nguo, ingiza kichwa kati ya makoti, soma. Blanketi lenyewe hukukosea.

Mleta mada
Nashukuru dada. Lakini hukusema chochote kuhusu aliyoniambia.

mtu_makini
Dainamiki nzuri ni Shure SM58, ipo tangu 1966 na bado inaimbiwa. Ila hapo mjini ukiuziwa mpya kwa 40,000 ujue umenunua nembo.

kijana_wa_Mbagala
Vipi majibu ya kucha?

Mleta mada
Nimefika nyumbani. Nimekwangua.

kijana_wa_Mbagala
Enhe?

Mleta mada
Imelia kamera.

Lakini sikilizeni! Hiyo ndiyo inazidi kuniuma! Maana yake maiki yake ilikuwa haijafanya kazi hata sekunde moja, na yeye alikaa pale, chai mkononi, akasema MAIKI haina tatizo. Aliijuaje? Alinihukumu mimi kwa ushahidi wa laptopu! Na kijiko kile...

mzee_wa_bati
Kwa hiyo kitaalamu alisema kweli. Maiki haina tatizo.

Shangazi_Tanga
Hapo sasa.

mwana_wa_Luthuli
Poleni kutoka Nairobi. Msidhani ni huko tu. Luthuli Avenue nilirudisha adapta ya laptopu, jamaa akaniambia adapta iko sawa, ni stima ya kwenu haina nguvu. Nikamwuliza ameionja?

mshona_suti
Mnaongea maiki. Fundi cherehani amenishonea suti ya harusi yangu mwenyewe, suruali haipandi magotini. Akaniambia suruali haijabana, ni wewe umekuwa na furaha.

mzee_wa_bati
Hayo ni madogo. Mimi fundi amenijengea ukuta, ukiweka chungwa sakafuni linatoka nje lenyewe. Nikamwita. Akafumba jicho moja, akatazama, akasema: "Mzee, nyumba haijapinda. Kiwanja ndicho kimepinda." Nikamlipa. Hadi leo sijui kwa nini nilimlipa.

mshona_suti
Hahaha huyo fundi anakaa Goba? Mfupi, penseli sikioni?

mzee_wa_bati
Usimtaje. Ndiye huyo.

Dada_wa_Forodhani
Penseli sikioni hata akiwa msikitini. Huku pia alifika, bibi yangu ana baraza ambayo kiti hakikai.

mtu_makini
Tuanzishe uzi wake kabisa, huyo ana watu wengi.

Mleta mada
Wakuu, turudi kwenye mada. Naomba ushauri kama nimrudie yule wa duka. Mke wangu anasema nimrudie na sauti niliyorekodi vizuri, nimchomekee palepale kwenye spika lake, mbele ya wauza soksi. Fundi, nikinunua ile kadi ya sauti ya USB yenye tundu la pinki itafaa?

fundi_redio
Itafaa kwa kuanzia. Tundu la pinki ni la maiki, pini ya pete mbili inaingia bila ugomvi. Volti zake ni chache kwa hiyo utasikia shhhh kwa nyuma. Ukianza kurekodi kaa kimya sekunde tano, halafu Audacity uichague hiyo sehemu ya kimya kama sampuli ya kelele, upunguze. Usipunguze sana, utasikika kama unaongea ndani ya bomba. Na kwenye programu chagua kifaa cha kurekodia ni hiyo kadi, nakuomba, usije ukarudi hapa tena na laptopu.

Jogoo hapungui. Jogoo ni suala la mwenye nyumba.

mwana_wa_Luthuli
Huyo jogoo ni wa kienyeji?

Mleta mada
Ni wa kienyeji, mwekundu, kishungi kimelala upande. Anaanza saa tisa na nusu usiku. Lakini narudia, kilichoniuma siyo jogoo.

Shangazi_Tanga
Mwekundu wa kishungi kilicholala? Mama mwenye nyumba anamuuza? Nina mitetea sita hapa Chumbageni haina mume.

mzee_wa_bati
Kwa 25,000 namchukua mimi. Natuma bodaboda leo.

Shangazi_Tanga
Nimewahi mimi. 30,000 na nauli ya basi juu yangu.

Mleta mada
Jogoo siyo wangu! Jamani, kijiko! Kijiko hakukitoa!

Shangazi_Tanga
Mwanangu, mwulize mama mwenye nyumba bei ya mwisho. Na ile rekodi itume hapa, simnunui jogoo sijasikia anavyowika.

kijana_wa_Mbagala
Shangazi, nimeikuta kwenye chaneli yake. Jogoo yuko safi, koo limefunguka, hakatizi. Ila kuna jamaa kwa mbali anaongeaongea nyuma yake.

Shangazi_Tanga
Huyo hanisumbui. 35,000.