Barabara ya mtaa Kigoma: tuchange buku tano kila kaya, tusubiri TARURA, au kuna njia nyingine?

Mwisho_wa_Reli
Wadau salaam. Jumapili hii tuna mkutano wa mtaa na ajenda ni moja tu, barabara. Tuko juu huku upande wa Gungu, mnaopajua mnakijua kilima chake, mvua za Novemba zikianza maji yanashuka na kifusi chote hadi kwa majirani wa chini, ikifika Aprili bajaji hazipandi tena na mama mjamzito anasindikizwa kwa miguu mpaka kwenye lami. Mwenyekiti kaleta hoja kila kaya itoe buku tano kwa mwezi, tukodi fuso tumwage moramu, yani kile kifusi cha barabara, wenyewe. Kuna wanaosema tusitoe hata mia, hiyo ni kazi ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na tozo tunalipa. Kuna kijana kasema tufanye msaragambo Jumamosi, majembe tu, hela hakuna. Na mwalimu mmoja mstaafu anasema tusubiri TACTIC, ule mradi wa kuboresha miji, kwa sababu Kigoma imo kwenye ile miji 45 ya mkopo wa Benki ya Dunia na lami itakuja.

Mi mwenyewe nilikuwa naegemea kuchanga ila mke wangu kaniuliza swali moja sikuwa na jibu: hiyo hela atakaa nayo nani? Naombeni mawazo, hasa kama kwenu mmejaribu.

Bajaji_Mwanga
Mkuu mi nishalipa, tena sana kuliko wenye nyumba. Sikiliza hesabu. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, wakasema ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bajaji yangu inakunywa lita tano kwa siku, kwa siku 26 ni lita 130, yani elfu 13 kwa mwezi, kwa mwaka laki na hamsini na sita. Hiyo ni ile mia peke yake, sijagusa tozo ya zamani, na ile shilingi 40 waliyoongeza 2017 walipofuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Mwenye nyumba ya kawaida kodi ya jengo ni 18,000 kwa mwaka. Sasa mnataka mimi tena nitoe buku tano kwa mwezi ya kifusi? Kila shimo linanila mara mbili, kwenye pampu na kwenye shokapu.

Mpangaji_Buzebazeba
@Bajaji_Mwanga usiseme wenye nyumba, sema wenye LUKU 😂 Ile 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa kila mwezi ninaponunua umeme na nyumba sio yangu, sheria inamtaka mwenye nyumba, natakiwa nimdai au nikate kwenye kodi ya pango, nani ana ubavu wa kumkata mama mwenye nyumba wa Ujiji? Na mkianza kukusanya kwa kaya nakuapia mwenye nyumba atasema kaya ni nyie mnaokaa humo.

Mzee_wa_Kasingirima
Wanangu mnagombana wenyewe kwa wenyewe. Tatizo liangalieni lilipo. Kabla ya 2017 barabara za mtaa zilikuwa chini ya halmashauri. Mhandisi anakaa ofisi moja na madiwani, diwani akibanwa na sisi huku naye anambana mhandisi kule kwenye baraza. Ilikuwa na ubaya wake, wizi ulikuwepo, na barabara ya kwenda kwa mkubwa fulani ilichongwa kila mwaka, siwadanganyi. Julai 2017 ikaanza TARURA chini ya TAMISEMI, mafungu yanatoka juu, meneja anakuja kwenye baraza anasoma taarifa, madiwani wanapiga kelele, anaandika, anaondoka. Diwani hawezi kumfanya kitu. Sasa nyie mnaompigia kura diwani kwa sababu ya barabara mnampigia mtu asiye na greda. Hapa Kigoma Ujiji tumekuwa na baraza la chama cha ACT 2015 hadi 2020, tukaja na la CCM, na kalvati la huku kwangu limeziba kote kote.

Mwisho_wa_Reli
Shikamoo mzee. Kwa hiyo unashauri nini?

Mzee_wa_Kasingirima
Marahaba. Nilikuwa nakuja huko, ukaniwahi. Nashauri msichange hela. Mtaa sio kijiji. Kijiji kina halmashauri yake inayotambulika kisheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna kitu hicho, mwenyekiti wenu hana akaunti wala mweka hazina anayekaguliwa. Mkeo kauliza swali la mkaguzi, msikilize.

Isevya_Tabora
Majirani wa Tabora tunawasalimu. Sisi tulichanga, mtaa sitautaja. Mwezi wa kwanza kaya nyingi zikatoa, wa pili nusu, wa tatu akabaki mwalimu na mama ntilie. Ikapatikana hela ya tripu kadhaa za kifusi, tukakimwaga, tukapiga picha na picha nilizituma kwa shemeji Dar nikijidai. Mvua mbili. Huku kwetu sio kama Kigoma, ardhi ni tambarare na mchanga, maji hayakimbii, yanakaa pale pale kama bata, kifusi kikageuka uji na tukawa na tope ambalo zamani hatukuwa nalo. Daftari la michango mpaka leo kila mtu anasema liko kwa mwenzake. Sisemi mtu kala, nasema tu daftari halionekani.

Fundi_Kalvati
Nimefanya kazi za barabara miaka mingi, mitaro na madaraja madogo, naomba niseme kidogo maana naona wote mnaongelea kifusi na hakuna aliyeyapa maji uzito isipokuwa huyu wa Tabora na yeye kayataja baada ya kuliwa.

Barabara ya vumbi haiuliwi na bajaji. Uharibifu wa gari unapanda haraka sana na uzito wa ekseli, wataalamu wanakadiria kwa kipeo cha nne, yani ekseli ikiwa nzito mara mbili madhara ni kama mara 16. Bajaji mia zikipita siku nzima haziwezi kufanya kinachofanywa na fuso moja la tofali lililojaa mpaka juu. Kwa hiyo @Bajaji_Mwanga hapo una haki, unalipa kuliko unavyoharibu. Lakini hata fuso sio adui namba moja, adui ni maji. Kwenye kilima kama Gungu maji yakikosa mtaro yanachagua katikati ya barabara, yanachimba mfereji, yanaondoa changarawe yanabakiza mawe na shimo. Ukimwaga moramu juu yake bila mtaro na bila kuipa barabara mgongo, katikati iinuke maji yagawanyike kushoto na kulia, umenunua kifusi kwa ajili ya ziwa Tanganyika. Dagaa hawakihitaji.

Kwa hiyo kwa mpangilio wangu: buku tano ya kifusi ni ya mwisho kabisa. TACTIC ni nzuri ila ile ni ya barabara kubwa za mji, mitaro mikubwa, masoko, stendi, haitakuja kwenye kichochoro chenu, na mkiisubiri mtasubiri kwenye tope. Msaragambo wa mitaro ndio wenye faida kuliko vyote kwa gharama ya jasho, lakini ufanyike Septemba au Oktoba mwanzoni, sio Januari watu wameshakasirika. Na sehemu ile korofi, naamini kuna sehemu moja kila mtu anaijua, hiyo wekeni mawe.

Mwisho_wa_Reli
Ipo, karibu na mwembe, hapo hata pikipiki ya mchungaji imelala mara tatu. Mawe kivipi mkuu?

Fundi_Kalvati
Kupanga mawe kwa mkono kama sakafu, unayashindilia, unajaza mchanga na saruji kwenye nafasi. Mwanza wana mitaa mingi milimani imejengwa hivyo na inapandika mvua inyeshe isinyeshe. Na sisi Kigoma tusijidharau, mkoa huu ndio TARURA na wale Wabelgiji wa shirika la maendeleo la Enabel walijenga madaraja ya mawe ya upinde, hayana nondo, ni jiwe na saruji na fundi anayejua, gharama inapungua sana ukilinganisha na zege. Mawe tunayo, yamelala tu tunayakalia tukinywa kahawa.

Bajaji_Mwanga
Mawe sawa ila nani atalipa fundi? Tunarudi palepale, hela.

Mama_Mawese
Ngoja niwaambie kitu ambacho naona wanaume wote humu mmekiruka. Kazi ya kusafisha mitaro na kufyeka pembeni ya barabara ni matengenezo ya kawaida na ina fungu lake. Na sheria ya manunuzi ya umma inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi ziende kwa makundi maalumu, yani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Sasa badala ya mtaa kumlipa mtu, kwa nini mtaa usilipwe? Kikundi chetu cha kina mama, tunakamua mawese hatuna uhusiano wowote na ujenzi, tulisajiliwa halmashauri, tukajisajili kwenye NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni, kwa msaada wa kijana wa stesheneri, tukapata kazi ya mitaro kipande kidogo. Koleo, reki, toroli mbili za kuazima. Tuliifanya vizuri kuliko mkandarasi aliyetutangulia kwa sababu mtaro ukiziba maji yanaingia kwetu.

Sitawaficha, malipo yalichelewa, karibu tugombane na wawili wakajitoa wakarudi kwenye mise zao za mawese. Karatasi zilikuwa nyingi. Na kabla hamjakimbilia huko, kipande chenu lazima kiwe kwenye mpango wa mwaka, bajeti ya serikali inaanza Julai, mkipeleka barua Desemba mmechelewa mwaka mzima.

Mpangaji_Buzebazeba
Mama hapo umenigusa. Kumbe mpangaji anaweza kula kutoka kwenye tozo badala ya kuliwa 😅

Mzee_wa_Kasingirima
Mama Mawese kasema kweli, na hapo ndipo diwani anapopata kazi. Msimwambie alete greda, hana. Mwambieni ahakikishe barabara yenu ina jina kwenye orodha ya mtandao wa barabara za TARURA, maana ambayo haimo haitengewi hata senti, na mwaka huu alisimamie kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla bajeti haijafungwa. Hilo analiweza. Akishindwa hilo ndio mumuulize vizuri.

Isevya_Tabora
Mzee hilo la orodha hatukuwahi kuuliza hata siku moja. Kesho naenda. Nahisi yetu imeandikwa kama njia ya ng'ombe.

Mwisho_wa_Reli
Ahsanteni sana. Nimeamua Jumapili nitapinga buku tano, mwenyekiti ataninunia ila sawa. Nitaomba vitu vitatu: msaragambo wa mitaro Jumamosi mbili kabla mvua haijakolea, barua kwa mtendaji kata kuuliza kama barabara yetu imo kwenye orodha, na vijana wanne watano wakae na mama yangu mdogo anayejua kuandika katiba ya kikundi. Pale kwenye mwembe tutachanga mara moja tu, kwa mawe na fundi, na hela itamwagwa mezani mbele ya watu ihesabiwe siku hiyohiyo inunuliwe saruji, hakuna kulala nayo mtu.

@Fundi_Kalvati naja inbox unipe vipimo vya mtaro. @Mama_Mawese shikamoo, hizo toroli za kuazima bado zipo?

Mama_Mawese
Marahaba mwanangu. Moja ipo, nyingine gurudumu limekufa. Njoo na pancha yako.