Kikofia cha jina kitakoni mwa raketi: hataza yawezekana, au najidanganya?

FundiNyuzi_Msa

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni fundi wa raketi za tenisi hapa Mombasa, mwaka wa 11 huu natia nyuzi, nabadilisha gripi (ule utepe unaozungushwa mpinini) na kusawazisha mizani. Nina swali la hataza, yaani ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako, na naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mwakijua kile kifuniko cha plastiki kilichoko kitakoni mwa mpini, chenye nembo ya kampuni? Mimi nakiita kikofia. Ndicho wachezaji hukitumia kuamua nani aanze: raketi yazungushwa chini, mmoja auliza "M au W?", kwa sababu W ya Wilson ikipinduka ni M. Lakini kina kazi. Ndicho kinachoufanya mpini utanuke kule chini, ili raketi isikuchomoke ukipiga kwa nguvu. Kwa kawaida kimeshikizwa kwa pini za stepla zilizofichwa chini ya gripi. Ukitaka kukitoa, ubandue gripi, ung'oe pini kwa koleo, na sikuambii mara ngapi pini moja imenikatikia ndani.

Sasa hadithi yenyewe. Miezi minane iliyopita mama mmoja aliniletea raketi sita za watoto wake watatu. Zote toleo moja, rangi moja, gripi moja nyeupe. Lakini mkazo wa nyuzi mbalimbali: mkubwa kilo 24, wa kati 22, mdogo 20. Siku ya mashindano yule mdogo akatia mkono begini, akatoa ya kaka yake, akacheza seti nzima huku akilalamika mkono. Nikasema nitachonga vikofia vyenye herufi iliyoinuka, mtoto apapase kwa kidole gumba tu, asihitaji hata kuangalia.

Cha kwanza nilikichapa kwa printa ya 3D ya kijana wa jirani, nikakipiga tupa hadi kikakaa. Sikutaka stepla. Nikatengeneza pete inayobaki mpinini siku zote, halafu kikofia chenye meno matatu: wakiingiza, wakizungusha robo mzunguko, chashika. Gripi haiguswi. Kubadilisha ni sekunde tano.

Tangu hapo nimeuza 43, shilingi 600 kimoja. Picha nimeweka kwenye WhatsApp, watu wameuliza bei mpaka kutoka Malindi. Mteja mmoja, wakili wa mambo ya ardhi, akaniambia: kikatie hataza kabla hakijaigwa. Je, hataza yapatikana kwa kitu kama hiki? Na zile picha nilizokwisha kuweka, nimejiharibia?

Kelele_za_Dar

Mkuu, pole na kazi. Jibu fupi: hapana. Watu wanaandika majina kwenye fimbo za gofu, kalamu, chupa za maji, hadi vifuniko vya tairi za baiskeli. Kuandika jina kitakoni mwa raketi ni urembo, si uvumbuzi. Usajili wa hataza utakula faida ya hivyo 43 na vingine 400. Tafuta jina zuri la biashara, lisajili kama alama, uza. Huku kwetu Tanzania ningekwambia nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ila kumbuka ukija kuuza Zanzibar, usajili wa Tanzania bara haukufikishi kule, wana ofisi yao.

WakalaMstaafu

Fundi, waleikum salaam. Nimefanya kazi ya kuandika maombi ya hataza Nairobi kwa miaka mingi, sasa nafuga kuku. Kelele ana haki nusu.

Kwanza tenganisha vitu viwili ulivyovichanganya. Kuna *jina*, na kuna *jinsi kikofia kinavyoshika*. Jina, herufi, picha ya simba, hayo hayawi uvumbuzi hata uyachonge kwa dhahabu. Mkaguzi atasema kilichobadilika ni ujumbe tu, kitu ni kile kile. Wamarekani wana kanuni hiyo tangu zamani: maandishi yaliyowekwa juu ya kitu kinachojulikana hayakifanyi kitu kipya, isipokuwa maandishi hayo na kitu vinategemeana kikazi.

Jinsi kinavyoshika ni habari nyingine. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 inataka mambo matatu: kiwe kipya, kiwe na hatua ya kivumbuzi, na kiweze kutengenezwa au kutumika kwenye shughuli za uzalishaji. La tatu unalo. Upya unapimwa kwa dunia nzima, siyo Mombasa: kama mtu aliwahi kukichora popote, kukiuza popote, hata akakieleza kwa mdomo hadharani, kimekufa. Hatua ya kivumbuzi ndiyo huwaua wengi. Swali ni kama fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akipewa tatizo hilo hilo, angefika hapo bila jasho. Na kushikisha kwa meno na kuzungusha robo mzunguko, Fundi, ndivyo balbu za taa zinavyoshika tangu babu zetu.

Picha na mauzo: hapa Kenya sheria inakusamehe ulichokitoa hadharani mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi. Una minne. Marekani nao wana mwaka mmoja. Ulaya hawana huruma hiyo. Kule ile picha ya WhatsApp ingetosha kukumaliza.

Lakini nikuulize kitu nilichokuwa nikiwauliza wateja wangu wote. Usiniambie kinavyopendeza. Niambie kilikusumbua wapi.

FundiNyuzi_Msa

Mzee, shukran kwa kunijibu kama mtu. Ya balbu imeniuma, ila ni kweli.

Kilinisumbua kwa mashoto. Wallahi nilikaa wiki tatu sijaelewa. Vikofia 30 vya mwanzo, hakuna malalamiko. Kisha mchezaji mmoja ananirudia: kimelegea seti ya pili. Nikambadilishia. Kikalegea tena. Nikadhani plastiki mbaya. Nikapima kwa vernia, sawasawa. Siku moja nikaenda kumtazama akicheza, ndipo nikaona anapiga kwa mkono wa kushoto. Ule mnofu wa kiganja chini ya kidole kidogo, kila akivuta mpira kwa mzunguko wa juu, wasugua kikofia kuelekea upande wa kufungua. Kwa wa mkono wa kulia, msuguo huo huo wakaza. Bahati yangu tu kwamba nilichora meno yaelekee upande huo.

Basi nikachapa vya mashoto vyenye meno ya kinyume. Tatizo likaisha. Je, hiyo si hatua ya kivumbuzi?

Spoku36

Samahanini, mimi sijui raketi, mimi ni fundi baiskeli Kongowea. Lakini hilo la kinyume, kaka, tazama pedeli ya kushoto ya baiskeli yoyote. Hesi yake, ile mistari ya skrubu, ni ya kinyume. Ukiifungua kama ya kulia unaikaza. Iliwekwa hivyo ili mtu akikanyaga isijifungue njiani. Kijana akija kwangu kujifunza kazi, siku ya kwanza ndiyo huharibu krenki kwa sababu hiyo. Sasa huyo mkaguzi kama amewahi kupanda baiskeli…

WakalaMstaafu

Spoku, ungekuwa mkaguzi ningekuogopa. Ndivyo hasa wangejibu: tatizo ni la zamani, dawa ni ya zamani, umeihamisha tu kutoka pedeli kwenda raketi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jambo la aina hiyo mwaka 2007 katika kesi ya KSR, iliyohusu pedeli pia, ila ya gari: ukiunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia inayojulikana, na matokeo yakawa yale yale ambayo kila mtu angeyatarajia, hujavumbua.

Upande wa pili, ili usikate tamaa. Howard Head, yule Mmarekani aliyetengeneza raketi kubwa ya kampuni ya Prince, alipata hataza ya Marekani namba 3,999,756 mwaka 1976. Ukiitazama unasema, mbona ni raketi tu iliyopanuliwa? Za mbao za wakati ule zilikuwa na uso wa nyuzi kama inchi za mraba 70, yeye akadai 85 hadi 130. Lakini hakusimama kwenye ukubwa. Alionyesha kwa vipimo kwamba pale mpira unaporudi kwa nguvu palipanuka kuliko mtu angedhani, tena kuelekea mpinini. Sasa kikofia chako kinafanya nini ambacho mtu hangekitarajia?

Pia zipo njia ndogo ambazo watu wa kwetu huziruka kwa sababu neno hataza linang'aa. Kenya ina cheti cha uvumbuzi mdogo: hakidai hatua ya kivumbuzi, kinadai upya na kutumika kwenye uzalishaji. Kinadumu miaka 10, hakihuishwi. Hapo pete yako na meno yako vina nafasi, *kama* hakuna aliyekutangulia. Na sura yake ya nje unaweza kuisajili kama muundo wa bidhaa, miaka 5, unahuisha mara mbili, jumla 15. Zote ni KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, pale South C, Nairobi. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, lililoko Harare.

Kabla ya hayo, tafuta. Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni, ni bure. Ingia mafungu ya hataza za raketi, A63B 49 na A63B 60, uangalie michoro tu, Kiingereza chao kitakuchosha bure.

MwlTenisi_Kisumu

Fundi, hongera. Mimi nafundisha watoto, na hilo la kupapasa gizani begini nalielewa kabisa. Mambo mawili ya uwanjani. Kanuni za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, haziruhusu vitu vya ziada kwenye fremu na mpini isipokuwa vya kuzuia kuchakaa, kuzuia mtikisiko, au, kwa fremu tu, kugawa uzito. Kifuniko kinachochukua nafasi ya kifuniko sidhani kitakuletea ugomvi, lakini mwonyeshe refa kabla ya mechi, si katikati. Urefu wote usizidi sentimita 73.7, hapo hamna shida, raketi nyingi ni 68.5. La pili ni uzito. Kina gramu ngapi? Ukiongeza gramu tano kitakoni, kichwa cha raketi kinakuwa chepesi na mtoto anahisi.

Tena usikubali wanaokuomba uwachongee nembo za kampuni kubwa. Najua watakuomba.

FundiNyuzi_Msa

Mwalimu, wameshaomba. Wanne. Nilimchongea mmoja, sitarudia, na msiniulize nembo gani. Uzito: cha kiwandani nilichong'oa kilikuwa gramu 11, changu na pete yake 12. Nilipima kwenye mizani ya dhahabu ya sonara, yeye naye akataka kimoja chenye jina la mkewe.

Nimeshinda Espacenet usiku wa jana hadi adhana ya alfajiri. Lahaula. Kuna watu wamefikiria kila kitu. Vikofia vya kufungua ili utie madini ya risasi ndani kuongeza uzito, vimo. Vya skrubu ya katikati, vimo. Vya gofu vyenye nembo ya kubadilisha, tele. Meno ya kuzungusha kama yangu nimeona michoro miwili inayofanana mno, mmoja wa Marekani, wa zamani, karatasi yenyewe imefubaa. Kwa hiyo ile ya kwanza naiaga. Ya mashoto amenimaliza Spoku.

Lakini sijaiona hii: wiki mbili zilizopita nimeacha mambo ya meno ya kulia na ya kushoto. Sasa kikofia ni kimoja kwa wote, kwa sababu sahani ya jina, kile kipande bapa chenye herufi, yenyewe ndiyo kufuli. Bila sahani, kikofia chazunguka na kutoka. Ukishaisukuma sahani, hakitoki hata kwa koleo, na siyo gundi. Yaani upande wa nyuma wa sahani kuna [*sehemu hii imefutwa na mwandishi*]

WakalaMstaafu

Simama hapo hapo! Futa! Hii ni hadharani, mtu wa Shanghai na wa Stuttgart wanasoma kama mimi. Umekaa wiki mbili hujamwonyesha hata sonara, leo unawachorea watu wasiokujua?

Na ndiyo, hicho ndicho. Sahani siyo urembo tena. Ukiitoa, kitu hakifanyi kazi. Jina limepanda mgongoni mwa kufuli. Dai lako, yaani sentensi ya ombi inayosema unalinda nini, liandikwe juu ya sahani inayozuia mzunguko, neno "jina" lisionekane kabisa kwenye dai la kwanza. Mchoro uwe wa vipande vitatu vilivyotenganishwa, kila kipande namba yake, na namba hiyo hiyo kwenye maelezo. Omba kile cheti cha uvumbuzi mdogo kwanza. Tangu siku ya kuwasilisha una miezi 12 ya kuamua kama unataka nchi nyingine.

FundiNyuzi_Msa

Nimefuta, mzee. Ilikaa kama dakika kumi. Kuna aliyeiona?

Kelele_za_Dar

Mimi niliiona, mkuu. Nayafuta maneno yangu ya juu. Ni nzuri.

WakalaMstaafu

Basi Kelele, nyamaza. Fundi, andika tarehe na saa ya leo kwenye daftari, Jumatatu panda treni uje Nairobi. Njoo na kimoja kisicho na jina la mtu.