Nguo za kisanamu za Kiyoruba: ni vazi, au ni pambo la ukumbini?

Mleta mada

Wakuu, kila zikitoka picha za wabunifu wa Naijeria, yale magauni yanayosimama kama ukuta, mabega yamechomoza, sketi ina kona kama paa, maoni ni yale yale: "utapandaje nayo daladala?" na "Wayoruba hawakuvaa hivyo." La daladala tuliache, hata shela la bibi harusi halipandi daladala. La pili ndilo ninalolipinga.

Mtazameni mama wa Kiyoruba akienda sherehe Lagos au Ibadan. Gele, kile kilemba chake, ni kitambaa kigumu kinachokunjwa na kukazwa mpaka kinasimama chenyewe. Mtindo mmoja mrefu unaitwa onile gogoro, mwenye nyumba ndefu. Baba naye ana agbada, joho lenye upana unaozidi mikono, anaukunja na kuutupia begani kila baada ya hatua chache ili aonekane mkubwa kuliko alivyo.

Halafu kuna adire eleko. Wanawake wanachora kitambaa kwa unyoya wa kuku na uji wa wanga wa muhogo, kinachovywa kwenye nili, kikikauka wanga unabanduliwa na mchoro unabaki mweupe-mweupe. Mchoro maarufu, Ibadandun, umechorwa nguzo za Mapo Hall, jumba la wakoloni lililofunguliwa mwaka 1929 juu ya kilima cha Ibadan, na kati ya nguzo na nguzo wamechomeka vijiko! Jengo la serikali likawa nguo ya kujifunga. Leo mbunifu akilitia jengo, au ule mwamba wa Olumo wa mji wa Abeokuta, kwenye gauni, geni ni lipi? Njooni na hoja, siyo vikatuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, gele imesimamishwa na mikono ya mvaaji. Jioni anaifungua, inarudi kuwa kitambaa, kesho anaifunga kivingine. Gauni lako limesimamishwa na waya na sponji, na likivuliwa linaendelea kusimama bila mtu. Hivyo siyo vitu viwili vya ukoo mmoja.

Fundi cherehani

Mnabishania umbo, mimi naangalia mkasi. Niliwahi kuletewa aso-oke, kitambaa cha Kiyoruba cha kufumwa kwa mkono, na mteja aliyeolewa na Mnaijeria. Ile siyo jora. Inafumwa kwa vipande vyembamba, upana sentimita 10 hivi au zaidi kidogo, virefu, kisha vinaunganishwa ubavu kwa ubavu. Iseyin, jimbo la Oyo, ndiko inakosifika. Ukitazama agbada ya zamani utaona karibu yote ni mistari iliyonyooka, kwa sababu kila kipande kina kingo zake zilizofungwa na mfumaji. Ukipitisha mkasi wa mviringo katikati, nyuzi zinaanza kukimbia, na kazi ya siku nzima ya mtu inabaki vipande vya kufutia mashine.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: umbo limejengwa kwa vipande vyenyewe, kwa kuvipishanisha, kuvikunja na kuvilaza pembeni, au kitambaa kimekatwakatwa na kugandishwa juu ya kitu kigumu? La kwanza ni kazi ya Kiyoruba hata likiwa na kona mia. La pili ni sanamu lililovalishwa aso-oke. Kenneth Ize, mbunifu wa Naijeria aliyefika fainali ya tuzo ya wabunifu chipukizi ya kampuni ya Kifaransa LVMH mwaka 2019, alishona suti za aso-oke, wala hazikuwa na maajabu ya umbo, lakini mistari ya mfumaji unaiona mpaka kwenye pindo. Na bado jina la mfumaji halimo kwenye lebo za nguo kama hizi. Hilo mbona hamlijadili?

Mchangiaji wa tatu

Mimi linalonikera ni egungun, kinyago cha Kiyoruba cha mizimu ya mababu. Vazi lile limefunika mtu mzima, tabaka juu ya tabaka, familia inaongeza kitambaa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya wazee waliotangulia, na anayecheza akizunguka mapande yote yanapaa. Mbunifu anachukua umbo hilo, analipeleka jukwaani Ulaya, mwanamitindo uso wazi, muziki wa klabu. Uwe Myoruba usiwe, kuna vitu siyo vya kuazima.

Mleta mada

La egungun waliamue wenye familia hizo, siyo sisi wa huku, wala siyo mbunifu peke yake. Fundi, la lebo nakuunga mkono kabisa.

Ila mchangiaji wa kwanza, la waya silikubali. Siku hizi Lagos zinauzwa gele zilizokwisha kukunjwa na kushonwa, unaivaa kama kofia, wanaiita auto-gele. Hiyo nayo ikivuliwa inabaki imesimama. Aliyeivaa kavaa nini sasa?

Mchangiaji wa kwanza

Kavaa kofia. Muulize mama yake.