Mjadala: Dozi ya CT ya ini iwekewe kikomo cha lazima, au iachwe mikononi mwa idara?

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila yanapotajwa mionzi na usalama wa mgonjwa: mamlaka, yaani TAEC kwa Tanzania na KNRA kwa Kenya, iweke namba moja ya juu ya dozi, yaani kiasi cha mionzi, kwa CT ya ini (picha za eksirei za vipande vya mwili), na idara itakayoivuka iwajibishwe. Wanaounga mkono wanasema mgonjwa wa ini hupigwa mara tatu au nne kwa kikao kimoja, hivyo mionzi inarundikana. Wanaopinga wanasema ukibana mionzi umebana na uwezo wa kuona uvimbe. Karibuni, ila mje na namba.

Bingwa wa Picha

Napinga. Ini kabla ya dawa ya kontrasti husoma HU 55 hadi 65 (HU ni kipimo cha mng'ao kwenye picha ya CT). Kwenye awamu ya vena ya pota, yaani upigaji wa wakati dawa imefika kwenye mshipa upelekao damu ya utumbo kwenye ini, hupanda hadi 100 au 120 hivi. Uvimbe uliosambaa kutoka utumbo mpana unaweza kutofautiana na ini linalouzunguka kwa HU 15 tu. Jiwe la figo linang'aa kwa mamia ya HU, hata picha mbovu italitoa. Ini halina huruma hiyo.

Sasa zitazameni chenga, zile punje zinazotembea kwenye picha kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kwa dozi ya kawaida tuseme ni HU 10. Kata dozi nusu, chenga zinafika 14. Kata hadi robo, zinafika 20, na ile tofauti ya 15 imeshazama. Uvimbe wa sentimita 2 bado utauona, kwa sababu jicho hukusanya eneo pana. Wa milimita 8 ndio unaokwenda, na huo ndio unaoamua kama daktari wa upasuaji atakata au hatakata.

Mtetezi wa Namba

Daktari, hesabu ni sahihi, lakini hakuna aliyeomba robo. Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR, kinapokagua mashine kwa ajili ya ithibati, kipimo cha tumbo la mtu mzima kina thamani ya rejea ya CTDIvol (dozi ambayo mashine inatoa kwa kipande, kwa miligrei, mGy) 25 mGy, na ukivuka 30 umeanguka. Kwa nini kwetu isiwepo namba kama hiyo?

Na madhara si porojo. Ripoti ya BEIR VII ya 2006 ilikadiria kwamba kati ya watu 100 wanaopata mSv 100 (milisiverti, kipimo cha madhara ya mionzi kwa mwili mzima), mmoja hivi atapata saratani kwa sababu ya mionzi hiyo. Mgonjwa mwenye homa ya ini B anayefuatiliwa kwa CT ya awamu nne mara kwa mara haichukui miaka mingi kufika hapo.

Kilovolti

Mnagombania mA, wingi wa mkondo wa umeme unaozalisha mionzi, wakati mwizi kakaa kwingine. Chukueni CTDIvol ya 12 mGy kwa kila awamu, namba ya heshima kabisa. Idara inapiga awamu nne, zote kutoka kiwambo hadi nyonga, sentimita 46. DLP, yaani CTDIvol mara urefu uliopigwa, ni 12 × 46 × 4 = 2,208 mGy·cm. Zidisha kwa 0.015, kigezo cha tumbo: mSv 33.

Sasa ondoa awamu ya kabla ya dawa. LI-RADS, mwongozo wa ACR wa kupiga na kusoma picha za ini, haiilazimishi, inaipendekeza kwa ini lililokwishatibiwa, mfano kwa kuziba mishipa ya uvimbe. Awamu ya ateri na ile ya kuchelewa zipigwe kwenye ini peke yake, sentimita 22. Ya pota tu ndiyo ishuke hadi nyonga. 264 + 552 + 264 = 1,080. Zidisha kwa 0.015: mSv 16. Mionzi imepungua zaidi ya nusu na hakuna chenga hata moja iliyoongezeka, Bingwa.

Mtetezi, kumbuka idara ya kwanza na ya pili zote zina CTDIvol ya 12. Kikomo chako cha 25 au 30 kingezipongeza zote mbili.

Mpiga Picha wa Zamu

Hapo umegonga. Niongeze yanayoharibika mezani, maana huko ndiko dozi inakopotea.

Kwanza, kumweka mgonjwa katikati ya gantri, lile duara la mashine. Picha ya skauti, ile ya awali ya kupangia, ikipigwa tyubu inayotoa mionzi ikiwa chini ya meza, na meza ikawa chini mno, mgonjwa yuko karibu na tyubu, kivuli chake kinakuzwa. Mashine inamdhania mnene na kupandisha mA. Meza ikiwa juu mno inamdhania mwembamba, na chenga zinajaa. Sentimita 3 tu zinatosha kuleta shida.

Pili, mikono. Ikiachwa pembeni mwa mwili, mifupa yake inakaa usawa wa ini na kuchora michirizi juu yake, na mashine inaongeza mA bila faida.

Tatu, na hili ndilo linaloudhi kuliko yote: kanula, kile kibomba cha mshipani cha kupitishia dawa. Awamu ya ateri inataka dawa iingie kwa ml 4 au 5 kwa sekunde. Kanula ya bluu, ya 22, kwenye mshipa wa kiganja haiwezi. Wekeni ya pinki au ya kijani kwenye kiwiko. Halafu msihesabu sekunde kwa kichwa, kwa sababu moyo dhaifu huchelewesha dawa: fuatilieni mkole (aota, ateri kuu ya mwili) hadi ufike HU 100, ongezeni sekunde 15 hadi 20, ndipo mpige. Awamu ya ateri iliyoiva, vena ya pota imeanza kung'aa kidogo na vena za ini bado. Ukiikosa, mgonjwa amekula mionzi bure na pengine atarudishwa. Hakuna dozi kubwa kama ya kipimo kinachorudiwa.

Mtetezi wa Namba

Yote mliyosema yanathibitisha kwamba hakuna anayekagua. Msipopewa namba, nani atawauliza kwa nini mlipiga hadi nyonga mara nne? Na teknolojia ipo: mashine mpya zinajenga picha kwa akili unde na kufuta chenga.

Bingwa wa Picha

Zinafuta chenga, ndiyo. Tatizo ni kwamba zikisukumwa sana, ini linakuwa laini kama plastiki na vile vivimbe vidogo hafifu vinalainishwa pamoja na chenga. Ukipima kwa kipimo cha chenga utafurahi. Ukisoma picha utasita. Binafsi naona punguzo la robo ya dozi linabebeka. Kuondoa robo tatu kwa kuamini programu, hapana.

Kilovolti

Kabla ya programu kuna kilovolti (kV), nguvu ya umeme inayosukuma mionzi. Kutoka 120 kwenda 100, mAs (mA mara sekunde) zikibaki zilezile, dozi hushuka takriban theluthi moja, na iodini hung'aa zaidi kwa robo hivi kwa sababu nishati ya mionzi inasogea karibu na keV 33, nishati ambayo iodini, kiini cha dawa ya kontrasti, hunyonya mionzi kwa nguvu. Mgonjwa wa kilo 55 apigwe 100 bila mjadala. Wa kilo 110 mwacheni kwenye 120: kwenye 100 tyubu itagonga dari ya mA, na chenga zitakuwa za bure.

Jingine la kuchunga: kwenye baadhi ya mashine lengo la chenga hufungwa na unene wa kipande cha picha ya kwanza inayojengwa. Mtu akibadilisha milimita 5 kuwa 1.25 bila kugusa lengo, mashine inaweza kudai dozi mara nne. Jengeni nene kwanza, nyembamba baadaye.

Na Mtetezi, CTDIvol inayoonekana kwenye skrini ni ya fantomu, mwili bandia wa kupimia, ya sentimita 32. Kwa mtu mzima mwembamba wa kipenyo cha sentimita 24, jedwali la AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, la 2011 linaizidisha kwa 1.5 hivi: 12 inakuwa 18. Kikomo kimoja kingewabana wanene wanaohitaji mionzi na kuwaachia wembamba wanaozidishiwa. Ndiyo maana ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, katika chapisho namba 135 la 2017, inataka viwango vya rejea, asilimia ya 75 ya wastani wa kati wa vituo mbalimbali (namba ambayo robo tatu ya vituo haviivuki), na inasema wazi kwamba si kikomo cha mgonjwa mmoja. Ukivivuka unajieleza, huadhibiwi.

Mtetezi wa Namba

Kujieleza nakubali, mradi kuwe na wa kumweleza. Kiwango cha rejea kilichobandikwa ukutani bila mkaguzi ni kalenda.

Mpiga Picha wa Zamu

Basi tuanze bila kusubiri mkaguzi. Kila idara ichukue wagonjwa 20 hadi 30 wa CT ya ini, kilo 60 hadi 80, iandike kV, urefu, CTDIvol na DLP. Ila iandikwe awamu kwa awamu, msilete jumla peke yake. Jumla ya 1,080 inaweza kuwa zile awamu tatu za Kilovolti, au awamu moja ya sentimita 46 iliyounguzwa kwa mGy 23.